Sahani ni Sahani

Sanduku la kwanza lilipofunguliwa, Bi Magitaa alitabasamu, maana juu kabisa aliona magazeti yaliyokunjwa vizuri, kama alivyoagiza. Akaingiza mkono, akatoa kitu kilichofungwa. Kilikuwa kidogo kuliko alivyotazamia, tena kizito. Akafungua gazeti. Ndani kulikuwa na kitambaa laini cha flana, na ndani ya flana kulikuwa na sahani ya kulia, nyeupe, yenye maua ya bluu ukingoni, imemeguka kidogo upande mmoja. Akaiweka kitandani. Akafungua ya pili. Maua ya bluu. Akafungua ya tatu na ya nne, na alipofika ya kumi akaacha kufungua.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akimsubiri afurahi. "Sahani zangu ziko wapi?"

Mkwewe akacheka kidogo, akidhani mama mkwe anamtania. "Si hizo, mama? Ziko zote ishirini na nne. Hakuna hata moja iliyovunjika njiani."

"Nakuuliza sahani zangu."

Kicheko kikafa. Yule binti alitazama lundo la vyombo kitandani, akamtazama mama mkwe, akatazama tena vyombo, kama mtu aliyejumlisha hesabu vizuri na bado akaambiwa amekosa. Bi Magitaa akauchukua mkongojo wake, akainuka kwa goti lililoshonwa wiki mbili zilizopita, akaenda mwenyewe kwenye sanduku la pili. Sufuria. La tatu lilikuwa na mashuka. La nne halikuwepo.

Nyumba nzima ilimsikia. Mwanamke ambaye majirani wa kule alikotoka walikuwa wakisema hata paka humfukuza kwa kumwomba radhi, siku hiyo alipiga ukelele mmoja tu, mrefu, hadi mwenye duka la pili akatoka nje kutazama ni nani amefiwa.

Ili mtu aelewe hasira ile, ni lazima ajue sahani zilizokuwa zikitafutwa.

Bi Magitaa, alipokuwa msichana, aliajiriwa kufagia kwenye kituo cha redio. Alifagia miaka miwili. Mtunza maktaba ya muziki, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaona kwamba binti huyu akifuta meza huinua kila kitu na kukirudisha palepale kilipokuwa. Akampa kitambaa na kazi mpya: kupangusa santuri kabla hazijapelekwa kwa mtangazaji. Alimfundisha kwa maneno matatu. "Fuata mistari, usiikate." Maana yake, kitambaa kizunguke pamoja na ile mistari myembamba ya santuri, kisiipitie kwa kuikata, vinginevyo vumbi linasukumwa ndani na sindano itakwenda kulikuta huko. Na pale redioni hapakuwa na mtu aliyesema santuri. Mtangazaji akitaka wimbo aligonga kidirisha kwa kidole cha pete akisema, "Sahani!" nao wakampelekea. Kwa hiyo tangu ujana wake, sahani kwa Bi Magitaa ilikuwa kitu cheusi, kikubwa, chenye tundu katikati, nacho kilishikwa kwa ncha za vidole. Vile vya kulia aliviita vyombo.

Baadaye zikaja kanda, na wakubwa wakaamuru sahani zitolewe. Wafanyakazi wakachukua za kucheza dansi, wakachukua za kwaya, wakaacha za roki zimerundikwa karibu na geti. Nani alizitaka? Vijana wenye nywele ndefu, wanapiga kelele kwa lugha ya watu. Mawingu yalikuwa yanafunga. Bi Magitaa akaenda nyumbani akachukua beseni la kufulia, akazibeba kichwani, safari tano, na mvua ikamkuta kwenye ya tano akaivua kanzu yake ya kazi akazifunika nayo.

Wakati huo mumewe alikuwa amekwisha kumwacha na mtoto wa miaka miwili, na yeye alikuwa amelelewa kuwa mwanamke hasemi kwa sauti. Akaweka sahani ya kwanza kwenye mashine ya kupigia iliyotupwa pamoja nazo, na kumbe kuna mtu upande wa pili wa dunia alikuwa amekasirika kama yeye, tena amekasirika vizuri, kwa gitaa, kwa ngoma, kwa koo lililokwaruzika. Alikaa sakafuni akasikiliza mpaka mwisho. Yule jamaa alikuwa anapiga kelele kwa niaba yake.

Hakujua kusoma yale majina ya kigeni, akazipa majina yake. Kulikuwa na Wenye Makoti, na Farasi wa Paani, na Mama Analia, ambayo gitaa lake lililia kama mtu. Kulikuwa na Mlango Mwekundu. Hiyo ilikuwa ya sahani mbili katika jalada moja linalofunguka kama mlango, ila mfuko wa pili ulikuwa mtupu. Mwisho wa sahani ya kwanza wimbo ulikuwa unapanda, unapanda, halafu unakatika kama mtu aliyezibwa mdomo, maana uliendelea kwenye sahani ya pili. Bi Magitaa alikaa miaka kumi na mmoja bila kujua wimbo ule ulikwenda wapi. Aliuliza kwa vinyozi, kwenye minada, kwa mafundi redio, kwa jamaa za marehemu, mpaka siku moja akaipata kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akiitumia kufunikia mtungi. Kwa kutafuta hivyo, moja moja, sahani zake zikafika tisini na tatu, na mtaa mzima ukamwita Bi Magitaa.

Kabla ya kufanyiwa upasuaji wa goti alimpigia simu mwanawe, aliyekuwa amemwomba akitoka hospitali aje kukaa kwake. Alimwambia hivi, akayarudia ili yasipotee: "Sahani zangu fungeni moja moja, katikati mtie magazeti. Zisimame, zisilale. Yaliyobaki nje ya hapo, gaweni mnavyoona." Mwanawe akasema ndiyo, mama.

Sasa, mkwewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Alikuwa ameolewa miaka miwili tu, na kwa zamu zake za kazi nyumba ya mama mkwe aliijua kwa kupita. Siku ya kuhamisha alikwenda peke yake baada ya zamu, akafunga vyombo vile jinsi anavyofunga vichanga, akatumia flana alizokuwa ameweka kabatini kwa ajili ya akina mama wanaokuja kujifungua mikono mitupu. Akavisimamisha sandukuni, visilale, kama alivyoambiwa. Kasha la mbao la mashine ya kupigia sahani alilileta pia, akidhani ni kabati dogo la kizamani, akalitua sebuleni na kuliwekea ua juu. Na yale mapande meusi, magumu, ya tisini na kitu, aliyapakiza kwenye mkokoteni wa mtu mmoja aliyekuwa akipita kukusanya vitu vya plastiki.

Jioni ile mwanawe aliporudi kutoka ghala la vipuri analolisimamia, alikuta mama amekaa juu ya kitanda katikati ya vyombo kama aliyeokolewa kwenye mafuriko. Akaelezwa. Akakuna kidevu, akaitazama simu yake.

"Ni bahati mbaya, mama," alisema. "Alikuwa na haraka."

Mkwewe aliinua uso akamtazama mumewe. Alimtazama kwa muda kidogo, halafu akainama tena. Bi Magitaa aliliona hilo, ila mtu mwenye moshi machoni huona bila kuona.

"Wewe unapokea watoto wa watu kila siku," alimwambia yule binti. "Wangu tisini na watatu umewatupa kwenye mkokoteni. Afadhali ungenipiga."

"Nisamehe, mama."

"Nisikusikie."

Akakaa siku nne hasemi naye. Watu husema hasira hasara. Bi Magitaa hasara alikwisha kuipata, hasira ilikuwa faida yake pekee, na hakukusudia kuiachia. Chai ikiletwa aliigeuzia mgongo. Akiulizwa amelalaje alipiga mkongojo sakafuni mara moja, na kila mtu ajue mwenyewe ndiyo au hapana. Kila asubuhi mkwewe aliingia na bakuli la maji ya dawa kubadilisha bandeji ya goti, na Bi Magitaa alimnyooshea mguu kama mtu anayemkabidhi askari kitambulisho, uso ameutazamisha ukutani. Asubuhi ya tatu aligundua kwamba yule binti, kabla ya kumgusa, husugua viganja vyake mpaka vipate joto. Wema ule ulimuudhi kuliko yote. Mtu unataka kumchukia kwa utulivu, naye anakupasha mikono.

Siku ya nne, Ijumaa, mkwewe alirudi kutoka kazini viatu vimejaa vumbi.

"Nimempata mwenye mkokoteni," alisema akiwa mlangoni, hakuthubutu kuingia. "Aliziuza kwa fundi wa mapambo, nyuma ya kiwanda cha mbao. Kesho sina zamu, mama. Twende."

Bi Magitaa akapiga mkongojo sakafuni mara moja. Ilikuwa ndiyo.

Walikwenda kwa teksi, mmoja mbele mmoja nyuma, kama watu wasiojuana. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati na harufu ya kitu kilichoungua. Fundi alikuwa mwanamume mnene, mwenye aproni, vidole vimejaa makovu ya moto. Mbele yake kulikuwa na tanuri dogo, na juu ya tanuri sufuria iliyogeuzwa juu chini, na juu ya sufuria kitu cheusi kilichokuwa kimelegea pande zote kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Ukutani nyuma yake yalining'inia mabakuli. Meusi, yanang'aa, kingo zake zimekunjwa mawimbimawimbi kama marinda ya gauni. Katikati ya kila moja palikuwa na karatasi ya rangi na tundu. Bi Magitaa akaiona karatasi ya kijani yenye nyota. Farasi wa Paani. Akaiona ya machungwa iliyochanika pembeni, aliyokuwa ameigundisha mwenyewe kwa uji. Mama Analia. Yalimtazama, kila moja kwa jicho lake moja.

Alisema aliyoyasema. Hayafai kuandikwa yote, lakini fundi aliambiwa kwamba kama angekuwa na mama asingeweza kufanya vile, na kwamba kama mama anaye basi amhurumie, na kwamba mikono yake ile iliyoungua imeungua kwa haki. Alipiga mkongojo mezani mpaka makasi yakaruka. Kwanza fundi alizima tanuri. Pili alichukua kigoda akakipangusa kwa aproni, akakisogeza nyuma ya Bi Magitaa ili akichoka kusimama akikute. Tatu alileta maji katika bilauri safi. Bi Magitaa akakaa, maana goti halina kiburi, lakini maji akayaacha mkononi mwa fundi.

"Mama yangu," alisema fundi, "mimi niliambiwa hazina mwenyewe. Kama ningejua zina mtu wa kuzililia hivi, mkono wangu usingegusa." Halafu, kwa kutaka kupoza mambo, akaongeza kwamba hata mkewe humcheka, humwambia kazi yake ni ya kijinga, anapokea sahani anatoa sahani, na sahani ni sahani. Alipomaliza akaona si mahali pake, akaukuna ukosi.

"Na ndivyo nilivyoambiwa mimi," alisema mkwewe.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Bi Magitaa aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku nne kumtazama usoni, akaona kwamba amekonda.

"Uliambiwa nini?"

"Hapana, mama. Yamepita."

"Uliambiwa nini, na nani?"

Yule binti alisokota ukanda wa mkoba wake. Alisema kwamba siku ile ya kufunga mizigo, alipofika, alikuta kabati la vyombo jikoni na kabati la yale meusi sebuleni, akapata wasiwasi, akampigia mumewe. Akamuuliza sahani alizosema mama ni zipi. "Nilimuuliza mara mbili, mama, kwa sababu ulisema zisimame, nami sijaona mtu anayesimamisha vyombo. Akanijibu, sahani ni sahani. Nikamuuliza, na haya meusi makubwa? Akasema ni masalio ya kazini kwako zamani, hata mwenyewe huyataki, niyatoe."

Nje mtu alikuwa anapiga msumeno kwenye ubao.

Bi Magitaa hakupiga ukelele. Hasira yake ya siku nne ilikuwa moto wa makuti, mwanga mwingi na moshi. Hii iliyoingia sasa ilikuwa ya mkaa. Maana yule mtoto alikulia kwenye sahani. Alijifunza kuhesabu kwa sahani. Akiwa na miaka sita alikwaruza Wenye Makoti kwa toi lake la gari, akapigwa kofi moja na kununiwa wiki nzima, na tangu hapo hadi anaota ndevu akiambiwa lete sahani alileta sahani, alizishika kwa ncha za vidole, hakuwahi kuleta chombo.

"Kwa nini hukusema siku ileile?" alimuuliza mkwewe.

"Ni mume wangu, mama. Nilisubiri aseme mwenyewe."

"Siku nne."

"Nilidhani atasema."

Bi Magitaa alinyoosha mkono, na fundi, aliyeelewa kabla ya kuambiwa, akampa ile bilauri. Hakunywa. Alimpa mkwewe. "Kunywa wewe kwanza," alisema. "Umekauka."

Kisha wakazihesabu. Hamsini na mbili zilikuwa bado bapa, zimepangwa chini ya meza, na Mungu ambariki yule mtu, alikuwa amezisimamisha. Arobaini na moja zilikuwa mabakuli. Majalada yalikuwepo yote, kwenye boksi kavu juu ya rafu. Fundi alisema moyo ulimkataza kutupa picha za watu. Bi Magitaa alilitafuta jalada moja, akalifungua kama mlango. Akauliza. Sahani ya kwanza ikapatikana miongoni mwa zile bapa. Ya pili fundi aliitafuta chini, akaitafuta kwenye rafu, halafu akasimama akiitazama meza yake. Alikuwa ameifanya asubuhi ile. Ilikuwa pale inapoa, na Bi Magitaa alipoishika ilikuwa na uvuguvugu kama kitu kilichokufa muda si mrefu.

Aliishikilia mapajani. Akapitisha kidole kwenye mistari, akiifuata, asiikate, ikapanda naye ukingoni na kushuka, ikapanda na kushuka.

Fundi hakutaka kuuza alichokiita mali ya mwenyewe, lakini mkwewe naye hakutaka fundi abaki mikono mitupu, kwa vile alinunua kwa nia njema. Wakavutana kwa adabu mpaka fundi akasema kwamba mkewe anapika chakula hapo nje, na sahani zimembakia saba, wateja wanapokezana. Mkwewe na Bi Magitaa wakatazamana. Ziko ishirini na nne, zina maua ya bluu, zimefungwa kwa flana. Hivyo sahani zikabadilishwa kwa sahani, na fundi akawaruhusu waondoke na zao kabla hajaziona zake, akawabebea maboksi hadi kwenye teksi na kuweka gunia chini yasirukeruke.

Safari hii walikaa wote nyuma. Walipokaribia nyumbani mkwewe akamgusa mkono.

"Mama, tafadhali. Usimwambie kwamba nimesema."

"Sitamwambia neno," alisema Bi Magitaa. "Nitampakulia."

Jumamosi ghala lilifungwa saa sita. Mwanawe alifika njaa inamuuma, amevaa suruali yake ya rangi ya maziwa ambayo mkewe alikuwa ameipiga pasi alfajiri, akaketi mezani, akashangaa kumwona mama ametoka chumbani, tena anahudumia mwenyewe kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkongojo. Akafurahi. Akasema anaona leo kumepambazuka. Mama akamwekea mkate. Akamwekea kijiko. Kisha akaweka mbele yake bakuli jeusi lenye kingo za marinda, ameliegemeza kwenye ukingo wa meza, nusu mezani na nusu juu ya mapaja ya mwanawe, akamiminia maharage yenye mchuzi, upawa wa kwanza, upawa wa pili.

Mchuzi ulikaa kidogo ukifikiri. Halafu ukaliona tundu.

Mwanawe aliruka, akashindwa kusimama maana bakuli lingemwagika lote, akalishika kwa mikono miwili huku mchuzi unashuka taratibu juu ya suruali ya rangi ya maziwa.

"Mama, nini hiki?"

"Sahani."

"Sahani gani hii, mama? Hii si sahani ya kul—"

Akakoma. Neno lilikuwa limekwisha kutoka nusu, na nusu ile ilitosha. Mkewe, aliyekuwa na jagi la maji mkononi, aliliweka chini polepole.

"Endelea," alisema Bi Magitaa. "Si sahani ya nini?"

Mwanawe alitazama karatasi nyekundu katikati ya bakuli, maharage yamejitenga pembeni mwake. Aliijua. Shingo ilimwiva. Akajaribu kusema kwamba hakufikiri, kwamba alikuwa kazini, simu zinalia, na kila alichojaribu mama alikiacha kipite kama basi lisilo lake. Mwisho akakiweka kijiko mezani.

"Nilijua," alisema. "Nilijua ni zipi. Unataka nikwambie? Siku niliyopewa zawadi shuleni, darasa zima wazazi wao walikuwepo. Mimi nilipanda jukwaani nikatazama kiti kitupu. Ulikuwa umekwenda kwa mwalimu mstaafu kufuata hii." Alilitikisa bakuli, likamwagika tena. "Hii hii. Nikarudi nyumbani nikakuta unalia kwa furaha. Hukuniuliza hata nimepewa nini."

Bi Magitaa alisimama akaegemea mkongojo. Hilo lilimwingia, na lilimwingia mahali pake, maana lilikuwa kweli. Alikuwa amesahau. Au hakusahau, aliliweka chini ya mengine.

"Ulipewa nini?" aliuliza.

"Kamusi."

"Sikuuliza, nilikosa. Hilo ni langu, na ungekuja kunigombeza mimi, hata kesho, hata ungenipigia kelele, ningekaa nikasikiliza. Hata sahani ungezivunja mbele yangu moja moja ningekuelewa. Lakini huyu," akaelekeza kidevu kwa mkwewe, "hakuwepo siku ya kamusi. Umemtuma akachimba shimo, mimi nikamsukumia ndani, na wewe umekaa siku nne juu yake unatazama simu. Kila asubuhi ananifunga goti nami namtazamia ukuta. Mwanangu, sahani ninaweza kuzizika. Hilo la kumwacha mwenzio aungue kwa moto wako, sikukufundisha, na redioni halikupigwa."

Mwanawe akageuka kumtazama mkewe. Akafungua mdomo.

"Usimwambie sasa," alisema mama, "kwa kuwa umeshikwa. Utamwambia ukiwa peke yako naye, na utatafuta maneno. Sasa kula."

"Mama, inavuja."

"Izibe."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona wa kumtetea. Akaingiza mkono chini ya bakuli, akaziba tundu kwa kidole cha shahada, na kwa mkono mwingine akachukua kijiko. Akala. Mkewe alijikaza, akajiuma mdomo, akageukia dirisha, lakini mabega yalimsaliti, yakaanza kutikisika, na kicheko kilipomtoka kilikuwa na machozi ndani yake. Bi Magitaa hakucheka. Alikuwa bado amekasirika, na alijua atakuwa amekasirika siku nyingi. Alikwenda sebuleni, akatoa ua juu ya kasha la mbao, akafunua kifuniko.

"Njoo na kitambaa," alimwita mkwewe. "Ile flana."

Akampa sahani ya kwanza ya Mlango Mwekundu, akamwonyesha kuishika kwa ncha za vidole. Yule binti aliishika kama kichwa cha mtoto wa saa moja. Kabla ya kuanza kupangusa, alisugua viganja vyake.

"Fuata mistari," alisema Bi Magitaa. "Usiikate."

Sindano ikashuka. Magitaa yakajaa nyumba, ngoma zikagonga kuta, yule jamaa mwenye koo lililokwaruzika akaanza kukasirika upya kama hajawahi kunyamaza, na Bi Magitaa alikaa kwenye kiti chake macho wazi, mkongojo magotini, wakasikiliza upande mzima, wakageuza, wakasikiliza wa pili. Mezani mwanawe hakuinuka. Wimbo wa mwisho ukapanda, ukapanda, mkwewe akasogea mbele ya kiti bila kujijua, na palepale ukakatika.

"Umeishia hapo?" aliuliza. "Halafu inakuwaje, mama?"

Bi Magitaa akaelekeza kidevu mezani, kwa mtu mwenye suruali ya rangi ya maziwa, kidole chake bado kiko tunduni.

"Muulize mumeo," alisema. "Inayofuata anailia maharage."